Tela Lililoamkia Ngamiani Nzima

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na kanzu nimeivaa.

Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana najua video zimeshaanza kutembea. Mwenye kucheka acheke sasa amalize. Halafu asome kwa adabu.

Kwa wageni wa grupu: mimi ni Mbwana, wa Makorora. Injinia Mbwana. (Hilo la Injinia nilijipa mwenyewe, lakini limeshazoeleka.) Darasa la nne nililiacha mimi, halikunifukuza. Nimeanza na mkokoteni wa kubeba magunia, nikaja kuziba pancha, nikaja kununua gari bovu nikalifufua kwa mikono hii hii, na leo nina pikapu mbili na ile Landkruza yenye mkonga wa kuvutia hewa. Hakuna aliyenishika mkono. Gari langu halijawahi kufunguliwa na fundi mwingine mimi nimekaa kwenye benchi natazama. Nafungua mwenyewe, nafunga mwenyewe, na nati mbili tatu zikibaki nje, basi zilikuwa za ziada.

Sasa lile tela. Wengi wenu mmelipita pale uani kwangu mkalisema. Kuna mgeni mmoja alikuwa anakaa Raskazone, alipohama akaliacha: tela la safari, lile la kuishi ndani, lina kitanda, meza, kabati, madirisha ya vioo na mapazia. Refu kuliko nyumba za baadhi yenu humu, samahani. Nikalichukua. Likakaa uani mwaka na nusu, springi zimelala, breki zimeoza, tairi zimezama mchangani. Mke wangu, Mama Rehema, akalipa jina: banda. Hakuwa anatania. Mwezi uliopita aliagiza vifaranga vya kuku wa kisasa, akaniambia kabisa, "Likitoka barabarani ni la kwako. Lisipotoka ni la kwao."

Mimi nilikuwa na maono. Mnajua bibi harusi wa Tanga anavyoteseka. Kapambwa asubuhi, kapakwa, kafukizwa, halafu anaingizwa kwenye taksi ndogo na wanawake watano na joto letu hili. Akifika ukumbini uso umeshateremka kidevuni. Nikasema nitengeneze chumba cha mwali kinachotembea. Anakaa kitandani kama malkia, feni inampuliza, kioo mbele yake, wapambaji wake pembeni, anapambwa huku anakwenda. Nani Tanga ana kitu kama hicho? Hakuna. Hata Dar sijasikia.

Na harusi ya kwanza ikajileta yenyewe. Zuhura, mtoto wa dada yangu, anaolewa. Mjomba mtu nikasimama kwenye kikao nikasema mwali nitampeleka mimi, kwa tela.

Hapo ndipo Bi Mwanahamisi alipogeuza shingo.

Bi Mwanahamisi ni somo. Ndiye anayewafunda wanawali na kusimamia harusi zao, na kwa miaka mingi sijui harusi ya upande wetu iliyopita bila mkono wake. Akisema gari fulani ni zuri, basi gari hilo halilali. Akisema baya, ulipeleke ukaliuze Korogwe. Akaniita pembeni. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza kama kweli hilo banda linaweza kubeba watu. (Na yeye pia, banda!) Nikamwambia, "Bi mkubwa, mle ndani utampaka mtu wanja gari likitembea, na mstari utanyooka."

Akanitazama sana. Akasema haya, tutaona. Likimfikisha Zuhura kama unavyosema, harusi zangu zote nitakupa. Lisipomfikisha, nisilione tena barabarani.

Kwa hiyo mmeelewa. Leo ilikuwa ama harusi zote za Bi Mwanahamisi, ama kuku.

Kazi niliifanya wiki tatu. Na naomba nisifiwe hapa, maana huko mbele hakuna sifa. Springi za zamani nilizing'oa zote nikatupa. Nikafunga springi za basi dogo, bapa za chuma zilizopangana, majani saba kila upande, nikaondoa jani moja moja ili zisiwe ngumu. Shokapu mpya nne. Nilipomaliza nikaweka kikombe cha chai mezani, kimejaa mpaka mdomoni, nikatoka nje nikalisukuma tela kwa bega. Hakikumwagika. Nikamwita Mama Rehema aone. Akasema chai imepoa.

Meza yenyewe ilikuwa inacheza kidogo mguu mmoja, nikakunja karatasi nikaiweka chini yake. Ikumbukeni hiyo karatasi.

Breki ndiyo ilikuwa habari. Tela zito namna ile huwezi kulitegemezea breki za gari peke yake. Utashuka mteremko nalo linakusukuma kisogoni. Nikapata kwa mtu wa vyuma vya mtumba breki za umeme. Hizi zina sumaku ndani ya gurudumu. Ukikanyaga breki ya gari, waya unapeleka umeme nyuma, sumaku inavuta, na tela nalo linashika papo hapo. Zilikuja na kisanduku kidogo cha kufunga karibu na usukani, na karatasi ya maelezo.

Siku naunganisha nyaya, Zuhura alikuja kuleta mwaliko. Akasimama anatazama. Huyu mtoto amesomea umeme wa magari chuo cha ufundi, na anafanya kazi kwenye gereji moja pale Chumbageni, anavaa ovaroli kama wanaume. Akasema, "Mjomba, hapo nikusaidie? Taa za nyuma za hili tela ni moja moja kila upande, inafanya breki na indiketa humo humo. Nyaya zake zinachanganya kidogo."

Nikacheka. Nikamwambia mwali hashiki koleo wiki ya harusi yake, aende akapakwe hina. Nikaongeza (na hili najuta mpaka sasa) kwamba nyaya nilianza kuzishika kabla mama yake hajaolewa.

Akasema, "Sawa mjomba. Soma tu ile karatasi."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mimi na Kiingereza hatusalimiani. Nikaikunja, nikaona meza inacheza. Sasa mmeelewa.

Nyaya nikaziunganisha kwa akili yangu. Waya wa taa ya breki nikauchukua, waya wa indiketa nikauchukua, taa ya tela ni moja, basi nikazisokota pamoja, moja kwa moja. Kazi safi. Nikazungushia utepe mweusi. Jana nikalitoa kulijaribu, barabara ya kwenda Pangani, kwenda na kurudi. Wallahi tela lilinyooka kama uzi. Nikanyage breki, linashika. Niachie, linaachia. Nikapiga picha nikawatumia humu, mkaitikia kwa vidole gumba. Hamkuniuliza kitu kimoja, na mimi sikujiuliza: toka Makorora mpaka kule na kurudi, ulitumia indiketa?

Jibu ni hapana. Mimi situmii indiketa. Mkono ninao, dirisha liko wazi, nautoa nje. Mwenye macho anaona.

Haya. Leo.

Ndoa ilifungwa msikitini adhuhuri, mambo yakaenda vizuri. Baada ya alasiri ndiyo zamu ya kumpeleka mwali ukumbini Raskazone, anakongojewa na mume na mawifi. Tela nimelipamba kwa maua na vitambaa, nimeliosha mpaka linang'aa. Mimi mwenyewe kanzu nyeupe mpya, kofia ya kushona kwa mkono, manukato. Mama Rehema alipita akalitazama tela, akanitazama mimi, akasema, "Mmependeza nyote wawili." Kwa Mama Rehema hiyo ni hotuba.

Akatolewa mwali, kafunikwa gubigubi, akaingizwa ndani na Bi Mwanahamisi, mpambaji, na shangazi wawili. Mnajua desturi: mwali akishatoka kwao hafungui mdomo mbele za watu mpaka afike kwa mumewe. Akitaka kitu anamnong'oneza somo, na somo ndiye anayesema. Bi Mwanahamisi akakaa, akapapasa godoro, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akaniambia kupitia dirishani kwamba wanja wameuacha makusudi, watampaka njiani. "Tuone huo mstari wako, Mbwana."

Nikamwambia aone.

Mbele yetu ilikaa pikapu ya matarumbeta. Wakapuliza. Vigelegele. Nikawasha gari, nikaondoka taratibu, tela likanifuata kimya kama paka. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni, moyo ukajaa. Nikasema Mbwana, mtoto wa mkokoteni, leo umefika.

Tulipoingia barabara kubwa, kiongozi wa matarumbeta akageuka nyuma, akanyoosha mkono akafungua na kufumba vidole: hazadi. Ni kweli. Harusi gani inatembea bila hazadi? Msafara wote unatakiwa uwe unapepesa indiketa zote kwa pamoja, watu wajue kuna sherehe. Nikabonyeza.

Tela likanivuta kisogo.

Likaachia. Likavuta. Likaachia. Likavuta. Nikasikia ndani mtu anapiga kelele, halafu kitu cha bati kikaanguka. Nikakanyaga breki nikasimama. Nikashuka mbio, nikafungua mlango nikauliza kuna nini. Mpambaji amesimama na kijiti cha wanja mkononi, hapumui. Mwali amekaa kimya, na wanja umeanzia kwenye jicho, umepita kwenye shavu, umeishia sikioni.

Bi Mwanahamisi akasema polepole, "Mstari umenyooka kweli. Ila haujui pa kusimama."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia springi ni mpya, zinajinyoosha, zikishapata joto zitatulia. Nikazunguka nyuma nikainama kwenye gurudumu kusikiliza, kama daktari. Nikasikia humo ndani: tak, tak, tak, tak. Watu wa msafara wakaniuliza hiyo nini. Nikawajibu kwa sauti, ili hata wa nyuma wasikie, kwamba hiyo ni springi inakaa mahali pake.

(Springi, ndugu zangu. Gari limesimama, na springi inakaa mahali pake kwa mpigo mmoja, kama saa ya ukutani. Na mimi sikushtuka.)

Tukaondoka tena. Tak, vuta. Tak, vuta. Nikaongeza mwendo labda litatulia, likazidi. Nikapunguza, likawa linavuta kwa nguvu zaidi. Kila likivuta, pua ya tela inainama chini, halafu inainuka. Inainama, inainuka. Na springi zangu, kwa jinsi nilivyozilainisha, zikalinyanyua vizuri sana. Mtu mwingine angekuwa na springi mbovu, lingekuwa linakwaruza tu kwa aibu yake. La kwangu liliinama kwa heshima zote.

Tukaingia Ngamiani namna hiyo.

Mnaijua Ngamiani saa kumi na moja jioni. Baraza zote zimejaa. Watu wamekaa na kahawa zao, na baiskeli zimesimama njiani kupisha harusi. Pale kwenye kona ya kwanza alikuwa amekaa mzee mmoja, simjui, kikombe mkononi. Akaliona tela linakuja, linainama, linainuka, linainama. Akaliacha lifike usawa wake. Likainama. Mzee akaitika:

"Marahaba, mwanangu."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa cheche. Baraza la pili wakaitika kabla hata hatujafika. La tatu wakasimama kabisa. Tela linainama, mtaa unaitika marahaba. Linainama, marahaba. Akina mama wa vitumbua, marahaba. Wauza nazi, marahaba. Jamaa mmoja mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, kijana hata ndevu hana, naye kaitika marahaba, nikamtolea jicho akaniambia si wewe, mimi namjibu tela.

Na matarumbeta ndio walionimaliza. Mpiga ngoma alikuwa amegeuka anatutazama. Nikamwona anatikisa kichwa anahesabu. Halafu akaanza kupiga kwa kufuata tela. Dum, likainama. Dum, likainama. Wenye tarumbeta wakaingia humo humo. Sasa msafara mzima unacheza kwa breki zangu.

Nikasimama tena, mbele ya soko. Pa kusimama pote Ngamiani, nikasimama mbele ya soko.

Nikafikiri. Nikasema uzito. Watu wamekaa upande mmoja. Nikaenda dirishani, nikamwambia Bi Mwanahamisi kwa lugha nzuri kabisa, kwamba kama hatajali, yeye ahamie upande wa kulia, maana kule kuko kwepesi.

Mpaka tarumbeta zilinyamaza.

"Mbwana," akasema. "Unasema mimi ndiye ninayeliangusha tela?"

Nikasema hapana bi mkubwa, ni hesabu tu ya springi.

"Mimi nimepanda mabasi ya kila namna tangu hujazaliwa. Hakuna hata moja lililonipigia magoti."

Soko lote likasikia. Sikuwa na pa kutazama, nikaona bora niingie chini ya tela. Kweli. Na kanzu. Nikalala chali kwenye vumbi la Ngamiani, nikashika springi, nikashika shokapu, nikapapasa ekseli, mafuta yakanidondokea kifuani. Kila kitu kimefungwa sawasawa. Hakuna nati iliyolegea. Na lile gurudumu juu ya sikio langu linaendelea: tak, tak, tak. Nikalala pale nikawaza vifaranga. Nikaviona kabisa, vimepanga mstari juu ya kile kitanda, vinanitazama.

Nikawaza na Zuhura. Hilo ndilo lililoniuma. Kumbukeni huyu mtoto ndiye pekee aliyekuwa akija gerejini kwangu akiwa mdogo, anakaa juu ya tairi ananiuliza hiki nini mjomba, hiki kinafanya nini. Nilimjibu kila kitu, hata nisivyovijua. Leo ni siku yake moja, na mimi nimemsimamisha sokoni na wanja sikioni.

Nikatoka. Kanzu sasa ina ramani. Nikakaa sawa nikawatangazia watu kwamba tatizo ni kubwa, ni la kiwandani, mwali ateremke atafutiwe taksi.

Hapo dirisha likafunguliwa. Bi Mwanahamisi akatoa kichwa. Mkononi ana karatasi imekunjwa kunjwa.

"Ngoja," akasema. "Mwali ana neno."

Akarudisha kichwa ndani. Tukasikia mnong'ono. Kichwa kikatoka.

"Mwali anauliza, umewasha hazadi?"

Nikasema ndiyo, ni harusi.

Kichwa ndani. Mnong'ono. Kichwa nje.

"Anasema zima."

Nikasema bi mkubwa, mwambie harusi haiendi bila hazadi, watu watafikiri tunapeleka magunia.

Safari hii mnong'ono ulikuwa mfupi.

"Anasema zima kwanza ndipo useme."

Nikaenda. Nikabonyeza. Tak ikakoma.

Ndugu zangu, ule ukimya. Soko zima lilikuwa linasikiliza gurudumu langu. Mpiga ngoma akasema taratibu, peke yake tu, "Kumbe." Nikabonyeza tena kuwasha: tak, tak, tak. Nikazima: kimya. Ningejua ningejaribu mara moja tu, kuliko kuwathibitishia watu wote pale.

Bi Mwanahamisi alikuwa hajamaliza. Sasa alikuwa anasema kwa sauti ile ile anayotumia kutoa wosia wa ndoa, kwa kituo, na haelewi hata neno moja la anayoyasema.

"Mwali anasema, waya wa breki na waya wa indiketa, umezisokota pamoja."

Nikakung'uta kanzu.

"Anasema, kwa hiyo kila taa ikipepesa, breki inashika."

Nikainama nikalitazama tairi.

"Anauliza, karatasi uliisoma?"

Nikasema, na nilisema chini chini, lakini kumbe watu walikuwa wameshanisogelea, "Ilikuwa ya Kiingereza."

Kichwa ndani. Kikakaa kidogo. Kikatoka, na nikaona Bi Mwanahamisi mwenyewe anauma mdomo.

"Anasema, ilikuwa na picha."

Akaifungua ile karatasi akainyoosha dirishani watu waione. Na kweli, picha hii hapa. Gari, tela, nyaya mbili kila moja na rangi yake, na katikati alama kubwa nyekundu ya mkasi, yaani usiziunganishe. Hata kuku angeelewa. Ilikuwa imetoka chini ya mguu wa meza tela lilipokuwa linaamkia watu, ikateleza mpaka miguuni kwa mwali. Akaisoma chini ya shela, na wanja wake wa sikioni, hapo hapo.

Sitasimulia kicheko. Mliokuwepo mlikuwepo.

Ila nitasema hiki. Kabla hajafunga dirisha, Bi Mwanahamisi alisikiliza mnong'ono mmoja zaidi, akanitazama tofauti kidogo. Akasema kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye tu: "Anasema springi umezifunga vizuri sana, mjomba. Tuendelee."

Tukaendelea. Hazadi sikugusa. Shangazi mmoja akatoa kanga nyekundu tukaifunga nyuma ya tela, ikawa inapepea, ndiyo taa yetu. Na tela, wallahi naapa, likateleza toka Ngamiani mpaka Raskazone kama lipo juu ya maji ya kisima. Matuta yote ya njiani nimeyapita, sikusikia hata kijiko. Mkono wangu nje ya dirisha, kushoto, kulia, kama kawaida.

Pale pa kukunja kuingia ukumbini alikuwa amesimama trafiki. Kanzu yangu ina mafuta, jasho linanitoka, nikasema leo Mbwana usitafute kesi nyingine, fuata sheria. Nikawasha indiketa. Kwa mara ya kwanza tangu niinunue ile Landkruza.

Tak.

Kutoka ndani ikaja sauti moja tu, ya Bi Mwanahamisi, "Mbwana!" Nikazima. Trafiki akaniambia, mzee, umewasha umezima, unakunja au hukunji? Nikatoa mkono.

Mlango ulipofunguliwa, mume wake yuko pale na mawifi wamejipanga. Akateremka Zuhura. Shela ikafunuliwa. Nikatazama macho kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine. Wanja umepakwa upya, macho yote mawili, mstari mwembamba umeinuka mwishoni kama ncha ya kalamu. Ulipakwa njiani, gari likitembea. Wifi mmoja akauliza mwali kapambwa wapi hata ametulia hivi. Bi Mwanahamisi akasema, "Njiani. Kuna tela."

Nilitaka kuruka. Kanzu iliniambia nitulie.

Baadaye, wakati wa pilau, akaniita. Nikaenda na mikono nyuma. Akaniambia ana harusi nyingine baada ya wiki mbili, Makorora hapo hapo, na tela analichukua. Nikaanza kushukuru, akainua kidole. "Tela. Dereva bado namfikiria. Na nyaya azishike mwenye kusoma picha."

Nimerudi nyumbani nimemwambia Mama Rehema. Amesikiliza mpaka mwisho, maana video alishaiona, alitaka tu kuona nitasemaje. Kisha akampigia mwenye vifaranga, akamwambia asilete kwanza. Kwanza, kasema. Hajasema kabisa.

Kwa hiyo mambo ni mazuri. Tatizo lililobaki ni moja dogo. Fundi ninayemhitaji ameingia fungate leo, na mwali wa fungate hatoki nje siku saba. Nimeshapiga hesabu, muda unatosha. Siku ya nane, alfajiri na mapema, nitakuwa barazani kwa mkwe wangu na koleo, utepe mweusi, na ile karatasi nimeinyoosha kwa pasi. Mkipita mkanikuta nimekaa pale, naomba msicheke. Nipo kwenye foleni ya fundi.